Makapi ya Herufi Hamsini na Nne

Jumatatu, saa mbili asubuhi, bakteria wa Misikhu walikuwa wameota tena kwenye sahani yenye zinki.

Hesbon, mtaalamu wa maabara mjini Kitale, aliinua sahani dirishani. Zinki ile ingeua bakteria wa kawaida. Hawa aliwachota huko Misikhu, chini ya paa la mabati ya zamani, pale maji ya mvua yanapodondokea na kuacha zinki udongoni mwaka baada ya mwaka.

Waliishije? Jeni zao zote zilikuwa zimesomwa, na kompyuta haikuona protini yoyote ya kukamata zinki. Daktari Rosaline, mkuu wa maabara, alishasema: Ijumaa ikifika bila jeni, watolewe kwenye friza na kutupwa.

Hesbon akampigia Nasro, aliyekuwa akiitafuta jeni hiyo kwa kompyuta kutoka Bungoma.

"Wameota tena."

"Ulitaka waombe ruhusa, mzee?"

"Nataka hiyo programu yako iniambie wanaishi aje. Si ilisema hawana kitu?"

"Inasema vile imeambiwa." Vidole vyake vilisikika kwenye kibodi. "Hesbon, hii kitu inatupa kila protini yenye herufi chini ya mia moja. Ati ni makapi. Na hizi za kukamata metali, nyingi ni fupi."

"Nani aliiambia itupe?"

"Ilikuja hivyo. Mimi ndiye niliiacha."

"Basi umenifanya nilishe wageni hawa bure mwezi mzima, bana."

Nasro aliyarudisha makapi yote, maelfu. Akabakisha yale yenye sisteini nyingi, kiungo cha protini kinachoandikwa kwa herufi moja na kushika metali, zikiwa zimepangwa jozi jozi. Yalibaki kama thelathini. Mwingine angechagua lililopendeza macho. Yeye aliangalia kila jeni imepakana na ipi, kwa sababu jeni za bakteria zinazofanya kazi pamoja mara nyingi hukaa pamoja. Moja, ya protini yenye herufi hamsini na nne, ilipakana na jeni ya swichi inayojulikana kuhisi zinki na kuwasha jeni jirani.

Hesbon, asiyesifu ovyo, aliisoma ripoti ya Nasro mara mbili. Hapakuwa na bahati ndani yake. Kila hatua ilikuwa na sababu, na kila sababu ingeweza kukaguliwa. Alitamani angekuwa ameiandika yeye.

Alhamisi Daktari Rosaline naye akaisoma. "Kufanana si ushahidi," alisema. "Mpeni bakteria mnyonge jeni hiyo, tuone. Friza ingojee."

Jeni iliyoagizwa ilipofika, Hesbon aliipandikiza kwa bakteria wa kawaida, akawaweka nusu ya sahani ya zinki. Nusu ya pili akaweka wenzao wasio nayo. Asubuhi iliyofuata alimpigia Nasro.

"Upande wenye jeni wameota. Ule mwingine hakuna kitu."

"Rudia."

"Daktari amesema hivyo hivyo."

Alirudia mara mbili, kwa sahani mpya. Katika zote mbili, upande wenye jeni uliota, na ule mwingine ulibaki mtupu.