Matofali Makavu

Sikuitoa amri ile kwa sauti ya amri. Labda ndiyo maana kwa muda nilijidanganya kwamba sikuitoa.

Tulikuwa tunajenga madarasa manne ya shule ya msingi huku Kataki, mtaa wa Kalemie. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ujenzi mwaka uliotangulia, na ile ilikuwa shantiye yangu ya kwanza, kazi ya kwanza ya ujenzi kuisimamia. Waashi walikuwa wawili. Papa Sébastien alikuwa akijenga nyumba za Kalemie tangu kabla sijazaliwa. Joël hakuwa amefika miaka thelathini, na mwiko wake ulikwenda mbio kama kisu cha mama anayekata mboga za lengalenga.

Papa Sébastien alikuwa na pipa la maji. Kila tofali alilizamisha, akangoja mapovu yaishe, ndipo akalilaza juu ya simenti. Matofali yetu ya kuchoma yana kiu. Ukiyalaza makavu, yanafyonza maji ya simenti kabla haijashika, na simenti iliyokosa maji inabaki unga. Hayo niliyajua. Niliwahi kuyaandika kwenye mtihani na nikapata alama nzuri.

Maji yaliletwa na akina mama kwa mabidoni ya lita ishirini kutoka mtoni. Asubuhi moja ya mwezi wa saba hawakuja, walikuwa kwenye matanga ya mwenzao. Papa Sébastien alichukua bidoni akateremka mwenyewe. Joël alinifuata kwenye kivuli cha bati, akaniuliza kama anaweza kuendelea bila kulowesha. Patron Norbert, mwenye kampuni, alikuwa akinipigia simu kila jioni kuuliza ukuta umefika wapi, maana madarasa yalitakiwa kuwa tayari mwanzo wa mwezi wa tisa. Kila jioni nilitafuta namna ya kumjibu bila kumkasirisha. Nilitazama chini.

"Endelea tu," nilimwambia Joël. "Kwa leo."

Kesho yake akina mama walirudi na maji. Joël hakuyagusa, na mimi sikusema neno.

Siku ya nne Patron alikuja. Ukuta wa Joël ulimfikia kifuani, na ule wa Papa Sébastien ulikuwa haujapita goti. Aliniuliza, mbele yao wote, kama yule mzee ni mvivu. Nilisema hapana, si mvivu, anachelewa tu. Niliona ni jibu la upole. Kwa jibu hilo Papa Sébastien alifukuzwa kabla ya saa sita. Hakunigombeza. Alisafisha mwiko wake, akamwaga maji ya pipa ili mtoto wa mtu asije akatumbukia, akasema, "Mubaki muzuri, Madamu." Mpaka siku ile alikuwa akiniita mutoto wangu.

Baada ya hapo kazi ilikimbia. Joël alijenga huku akitania. Aliwaambia wasaidizi kwamba matofali yanapanda yenyewe, yeye anayaonyesha njia tu. Jioni nilimpa Patron habari njema kwenye simu, na yeye alinisifu, na mimi usingizi ukanipungua.

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja seremala alikuja kuweka fremu za madirisha. Alipopiga nyundo mara tatu, tofali moja lilichomoka likaanguka karibu na miguu yake, safi pande zote, kama mkate uliotoka kwenye kopo. Nilishika la pili kwa mkono. Likatoka. Simenti iliyobaki kwenye shimo niliisugua kwa kidole, ikawa vumbi. Nilisogea hatua tatu, nikavuta jingine, nikiomba moyoni likatae. Halikukataa. Chini ya ukuta ule wangekaa watoto hamsini.

Patron alifika asubuhi ile ile. Alitukusanya, akauliza nani aliruhusu matofali makavu.

"Madamu njo alisema tuendelee," Joël akajibu.

Wasaidizi wawili walicheka. Patron naye alicheka, bila furaha. Alisema mtu aliyekaa shuleni miaka yote ile hawezi kusema upuuzi wa namna hiyo. Kisha akanigeukia. "Ni kweli, Madamu?"

Joël alinitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa amekwisha kusema ukweli, akangoja tu na mimi niuseme. Nilitazama tofali nililoshika, nikaligeuza upande mmoja, nikaligeuza upande wa pili. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, na kunyamaza kwangu kukawa jibu.

Patron alimwambia Joël aokote vyombo vyake, kwa kazi mbovu na kwa kusingizia watu. Alipokuwa akipita, msaidizi mmoja akamwambia, "Si unapendaka mbio? Kimbia sasa."

Ukuta uliamriwa ubomolewe, na mimi nikatumwa kwa Papa Sébastien kumwomba arudi. Nilimkuta nyumbani kwake alasiri, akigongomea mguu wa meza. Alinipa kiti. Nilimweleza habari ya ukuta, kisha, bila kuulizwa, nikamweleza yaliyobaki: kivuli cha bati, maneno niliyomwambia Joël, na jinsi nilivyonyamaza asubuhi. Nililia kidogo. Nadhani nilitegemea aniambie basi, yamekwisha.

Alisema kazini atarudi, kwa sababu watoto wanahitaji pa kusomea. Kuhusu lile lingine, kwanza aligusagusa meza yake kuona kama bado inayumba.

"Umekuja kuniambia mie," alisema mwishoni, "kwa sababu unajua mie siwezi kukufanya kitu. Kwa Joël haujafika."

Sikuwa nimefika.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwanza kwenye biro ya Patron, ofisini kwake. Nilimwambia harakaharaka, macho yangu yakiwa kwenye kalenda ya ukutani. Nilitegemea apige kelele. Alisimama akafunga mlango, akanieleza kwa utaratibu kwamba barua kwa wafadhili wanaolipia madarasa imekwisha kwenda, na barua inasema fundi mmoja aliharibu kazi na amefukuzwa. Wakisikia kwamba aliyeharibu ni msimamizi, kampuni haitapata shantiye nyingine.

"Joël atapata kazi pengine," alisema. "Wewe nyamaza vile ulinyamaza jana. Ukiyatoa inje, usirudie hapa."

Hakusema kwa kunisuta. Alisema kama mtu anayenisifu, na hilo ndilo nililotembea nalo njia nzima hadi kwa Joël.

Joël anakaa kwenye uwanja mmoja na jirani zake, milango mitatu inatazamana. Alikuwa amekaa mlangoni pake akinoa panga. Mbele ya mlango wa pili, Mama Rosine alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Joël hakusimama. Niliinama karibu naye, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba alisema kweli, kwamba kosa ni langu, kwamba ninaomba msamaha.

"Sikusikia," alisema.

Nilirudia.

"Mie nimesikia. Mama Rosine njo hajasikia." Alimwonyesha kwa kidevu. "Alikuwa anipe nyumba yake nijenge. Jana jioni aliniambia tuache kwanza. Amesikia ukuta wa shule ulinishinda na nikasingizia mutoto wa watu. Sema na sauti ile Patron anasemaka nayo."

Nilisimama katikati ya uwanja. Sikuwa nimewahi kusema mbele ya watu bila karatasi mkononi.

"Mama Rosine," nilisema, "mimi njo nilimwambia Joël aendelee na matofali makavu. Nilijua ni vibaya. Patron aliniuliza mbele ya watu, nikanyamaza. Joël hakudanganya."

Mlango wa tatu ukafunguka, mwanamke akatoa kichwa. Joël akasema huyu naye hajasikia mwanzo. Nikaanza upya.

Mama Rosine aliweka ungo chini. Hakunijibu mimi. Alimgeukia Joël.

"Na wewe? Haukujua kama tofali inataka maji?"

Joël aliweka panga chini. "Nilijua, Mama."

"Sasa uliuliza ya nini?"

"Nilitaka nimupite mzee."

Mama Rosine akamwuliza kama matofali ya kwake atayaloweka moja moja. Joël akasema moja moja. Hata tukifika Noeli? Hata tukifika Pasaka, Joël akasema, na Mama Rosine akacheka, akasema hapana, mvua itakuwa imemlowesha yeye kwanza. Wakaenda nyuma ya nyumba kupima kiwanja kwa hatua. Niliwasikia wakibishana mlango utazame wapi.

Hakuna aliyeniambia nikae, wala niende. Habari ingemfikia Patron, na kesho yake sikuwa na shantiye ya kwenda. Nilibaki nimesimama pale pale, mpaka yule mwanamke wa mlango wa tatu aliponiomba nisogee, nimemzibia njia, akapita na kapu lake la soko.