Kona Isiyo na Mgombea

"Mtu mmoja tu!" Marlys Tjaden alipaza sauti hadi ukumbi mzima wa shule ukamgeukia. "Njooni jamani, siumi mtu!"

Kura ya chama ya kumteua mgombea urais hapa Iowa haina siri: unasimama kwenye kona ya mgombea wako, majirani wanakukodolea macho. Kona isiyotimiza idadi huvunjwa. Kona ya Seneta Amundson ilipungukiwa na mtu mmoja, na Marlys ndiye kiongozi wake. Seneta alikuwa amekula pai jikoni kwake, akaapa kuifungua tena wodi ya uzazi iliyofungwa na Gavana Whitcomb. Mkwe wa Marlys alijifungulia garini, kwenye theluji, njiani kwenda hospitali ya mbali. Mtoto hakuishi.

Akamwendea Verlyn Kruse kwenye kona ya Whitcomb. Hawakuwa wamesalimiana tangu wagombanie uzio, ng'ombe wa Verlyn walipoingia shambani kwa Marlys.

"Leo umenikumbuka?" Verlyn alimkejeli. "Ng'ombe wangu bado wezi?"

"Wezi wakubwa. Lakini binti yako ana mimba, Verlyn. Atajifungulia wapi?"

Verlyn akavuka ukumbi, wenzake wakimzomea. "Msaliti! Amelishwa nini huyo?" Hakugeuka. Kona ya Amundson ikalipuka kwa shangwe.

Simu ya Marlys ikalia. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa kampeni ya Amundson.

"Sikia, mama. Wapeleke watu wako kwa Whitcomb. Seneta amejitoa, atakuwa mgombea mwenza wake."

"Whitcomb? Aliyefunga wodi?"

"Ndiyo siasa, mama. Chama kwanza."

Hasira ilimpanda Marlys hadi masikio yakawaka moto. Pai yake wameila, machozi yake wameyafanyia kampeni, na kaburi la mjukuu wake wamelibadilisha kwa cheo!

"Mwambie asikanyage tena kwangu," akasema, akakata simu.

Aliwaeleza wenzake. Wengi wakajikokota kwenda kwa Whitcomb, macho chini.

"Kwa hiyo nimezomewa bure?" Verlyn akauliza.

"Bure kabisa, jirani. Nisamehe." Akabandua kibandiko cha Amundson kifuani.

"Rudi, Verlyn, tumekusamehe!" watu wa Whitcomb walipiga kelele huku wakicheka.

Mwenyekiti akafika kuhesabu. "Hii kona ya nani?"

Verlyn alisogea karibu na Marlys. "Haina mgombea," akasema. "Wewe tuhesabu hivyo hivyo."