Bibi Mkoromaji Bado Anakoroma

Kazini walimwita Mpelelezi, kwa utani tu. Ofisi yao ilitengeneza matangazo ya mtandaoni, na yeye ndiye aliyefuatilia nani kayabofya: ametokea mji gani, anatumia simu ya aina gani, amekaa kwenye ukurasa muda gani kabla ya kutoka. Mteja akilalamika kwamba tangazo lake la magodoro halileti wanunuzi, Mpelelezi alimgeuzia kompyuta na kumwonyesha kwamba mibofyo mingi ilitoka kwa programu zinazojibofyea zenyewe, na mingine kwa watoto wanaochezea simu za wazazi wao.

Mdogo wake wa kiume, ambaye nyumbani walimwita Kijiko kwa wembamba wake, alikuwa fundi wa friji. Asubuhi moja alibeba mkoba wa vifaa, akamwambia mama yao anakwenda kutengeneza friji ya duka fulani, na hakurudi. Simu yake haikupatikana. Dukani walisema hakufika. Polisi waliandika maelezo, wakaahidi kupiga simu. Ndugu walizunguka hospitali, wakaingia hadi vyumba vya maiti, wakatoka humo wasijue washukuru au walie. Mama hakuwa mtu wa kulialia, ila tangu siku hizo aliacha kutia komeo mlango wa nyuma.

Mpelelezi alianza kwa kusambaza picha ya Kijiko mtandaoni. Wakajitokeza matapeli. Mmoja alipiga simu akasema Kijiko yuko naye mezani anakula. Alipoombwa ampe simu aongee, akakata. Mpelelezi akaiondoa ile picha.

Baadaye akawaza: kama mdogo wangu amejificha, hawezi kubofya sura yake mwenyewe. Jikoni kwao kulikuwa na friji kuukuu iliyonguruma kutwa kucha. Walipokuwa wadogo waliiita Bibi Mkoromaji, na jina hilo halikujulikana nje ya kuta zile. Akaipiga picha, akatengeneza tangazo, na chini yake akaandika maneno matatu tu: “Mkoromaji bado anakoroma.” Akayatazama, akaona hayajatimia, akaongeza “Bibi” mbele. Aliyebofya alikutana na sauti ya Mama iliyorekodiwa, na chini yake nafasi ya kuandika ujumbe.

“Mwanangu,” Mama alisema kwenye ile sauti, “sikuulizi kitu. Umekula? Niambie tu kama umekula.”

Mibofyo ikaja. Mingi ilikuwa takataka alizozizoea, watu waliogusa kwa bahati mbaya wakatoka palepale. Lakini simu moja ilifungua ukurasa, ikasikiliza mpaka mwisho, ikafunga bila kuandika neno. Kesho yake ikarudi, ikasikiliza tena. Kwenye ramani ilionekana kutokea mji wa mpakani, mwendo wa siku nzima kwa basi.

Alikuwa ameapa kutomwambia Mama mpaka apate uhakika. Alishindwa. Alipomwambia, Mama alikaa chini, akavua miwani na kuishika mapajani.

“Nenda na mjomba wako,” alisema. “Usimgombeze.”

Mjomba alikuwa mtu wa masihara, na njia nzima hakunyamaza. “Nikimpata nitamzaba kofi moja, kisha nimkumbatie,” alisema. “Au nianze kumkumbatia, asije akachomoka tena.” Walipoukaribia ule mji akaishiwa maneno, akawa anafuta tu kioo cha dirisha kwa kiganja.

Waliuliza kwa mafundi wa friji, mmoja baada ya mwingine. Waliuliza kwenye nyumba za wageni, kwa wauza vyuma chakavu, kwa kinyozi. Watu waliipokea picha kwa upole, wakaitazama, wakairudisha. Mwishowe Mpelelezi aliingia ofisi ya kampuni ya simu, akamweleza dada wa mapokezi kila kitu bila kuficha.

Yule dada alimsikiliza. “Hata mimi, nikienda likizo kwetu, ukinitafuta hivyo utaambiwa niko hapa,” alisema. “Mitambo yetu iko mji huu. Mteja yeyote wa upande huu wa nchi akiingia mtandaoni, anaonekana ametokea hapa.”

“Naweza kupata jina la mwenye simu?”

“Hapana, dada yangu. Mpaka mahakama iamuru. Na mahakama itakuuliza amekosa nini.”

Mpelelezi alishukuru, akageuka kutoka. Amekosa nini? Amesikiliza sauti ya mama wa watu. Halafu habari ya mitambo haikuwa ngeni kwake hata kidogo; yeye mwenyewe aliwaambia wateja kila mara kwamba ile alama kwenye ramani ni ya kukisia. Alilijua hilo siku alipokata tiketi, akajifanya halijui.

Nje, Mjomba alikuwa amesimama kivulini na chupa mbili za maji. Alimtazama usoni, akampa moja. “Huenda hata si yeye,” alisema taratibu. “Huenda ni mtu tu, hana wa kumuuliza kama amekula.”

Nyumbani, Mama alisikiliza habari yote, kisha akauliza, “Lakini bado anakuja?”

“Bado anakuja, Mama.”

“Basi nirekodi tena. Ile ameshaizoea.”

Wakarekodi. Safari hii Mama alimweleza kwamba paa la jirani limeezuliwa na upepo, kwamba goti lake halijambo, kwamba mlango wa nyuma hautiwi komeo. Ile simu ikasikiliza yote mpaka mwisho. Haikuandika kitu. Wakarekodi nyingine, nayo ikasikilizwa.

Kisha ikaacha kuja. Labda mwenyewe alibadilisha simu. Labda aliibiwa, au alichoka, au yalimpata makubwa zaidi. Mpelelezi alipekua kila alichoweza kupekua, akawauliza wenzake ofisini, nao wakainamia skrini pamoja naye bila utani. Hakukuwa na la kufanya. Ukurasa humwonyesha aliyeingia, asiyeingia haumwonyeshi.

Jioni Mama alimkuta sebuleni na kompyuta mapajani, akaketi pembeni yake.

“Leo amesikiliza?”

“Bado, Mama.”

Mama akaitikia kwa kichwa, akasogea ili naye aione ile skrini, ingawa hakujua aangalie wapi.