Maziwa ya Shemeji Kasmiri

Shemeji yangu Kasmiri ana karakana ya kuchapa tisheti hapa Mwisenge, na ana dawa moja ya kila sumu duniani: maziwa. Ukiumwa kichwa kwa harufu ya rangi, kunywa maziwa. "Sisi watu wa Butiama tumekuzwa na ng'ombe," anasemaga huku amejitunisha, utadhani ng'ombe ndiye aliyemfundisha kemia.

Mimi na dada yangu Euphrasia, mke wake, ndio tuliokuwa tunaosha fremu za kuchapia. Kimiminika chenyewe kwenye lebo kinaitwa glaikoli etha. Kwa kazi sikibishii: kinachanganyika na maji, kinachanganyika na mafuta, hakikauki upesi, na rangi iliyoganda inaachia yenyewe. Harufu yake ina utamu kidogo, haikuchomi pua. Basi bwana mkubwa akaamua hakina madhara. Tukawa tunatumbukiza mikono mitupu mpaka kwenye viwiko.

Dada alikuwa na mimba ya miezi mitano, baada ya mbili kuharibika. Mkojo wake ukaanza kuwa mweusi kama chai ya rangi. Nesi wa kliniki alipojua tunachoshika, akafoka: kitu hicho kinapita kwenye ngozi, kinaingia kwenye damu, mjamzito asikiguse kabisa.

"Nesi anajua nini?" Kasmiri akacheka, akamwekea dada kikombe cha maziwa mezani. "Kunywa, mama, usafishe damu. Fremu za harusi ya Bunda zinasubiri."

Mungu wangu! Nilichemka. "Shemeji, kama maziwa yanatosha, leo yanywe wewe, uoshe wewe."

Mafundi wa karakana wakaangua kicheko. Angekataaje mbele ya watu, na sifa kajipa mwenyewe? Akakunja mikono ya shati, akasogelea beseni, akasita. Kisha akaenda kwenye kabati lake, akalifungua kwa ufunguo, akatoa glavu nzito za mpira. Hazikuwa mpya, zilikuwa na madoa ya rangi, na alizivaa upesi kama mtu aliyezoea.

Dada aliziangalia zile glavu, akamwangalia yeye. Hata chozi halikumtoka. Akavua aproni, akaiacha mezani.

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema, akatoka nje kuita bodaboda.