Kyabu na Dawa ya Majani

Kyabu aliingia kazini katika kitalu cha miti ya barabarani, pale Kamina, mwaka 1951, miezi mitatu baada ya kumzika mumewe Abner. Kazi yake ilikuwa kupalilia miche ya jakaranda na flamboyanti ambayo ingepandwa kando ya avenyu za mtaa wa reli.

Abner alikuwa akimwaga dawa ya kuua majani kati ya mataruma ya reli. Alifia kambini, upande wa Luena, akiwa ameungua mwili mzima. Ripoti ilisema alilewa akaangukia moto. Abner alikuwa Mmethodisti asiyeonja pombe hata harusini, lakini nani angebishana na karatasi? Mazishini mchungaji aliomba kwa kifupi, na watu wakatawanyika mapema.

Adui wa kitalu alikuwa ndago. Wanawake waliilima kwa jembe, na baada ya siku kumi ilikuwa imerudi, tena nyingi kuliko mwanzo. Mwezi wa tano mwaka 1953 msimamizi wao, kapita Kisimba, akawaambia:

"Bamama, kesho hapana kuleta majembe. Patron ameleta dawa. Ndago itakufa yote."

"Dawa gani, baba kapita?" Kyabu aliuliza.

"Ile ya reli," Kisimba alijibu akitazama chini.

Asubuhi yake pipa lilikuwa limesimama karibu na tangi la maji. Kyabu aliitambua mara moja ile chumvi nyeupe iliyoganda mdomoni mwake. Aliwahi kuifua kwenye suruali za Abner, ngumu kama ubao zilipokauka. Siku moja cheche ya makaa iliirukia suruali iliyotundikwa, na kabla hajaipiga kwa mkono, shimo kubwa kama sahani lilikuwa limeshaungua. Alilieleza jambo hilo wakati wa msiba. Hakuna aliyemsikiliza.

Alimwendea Bwana Émile, mkubwa wa kitalu.

"Patron, minyi sitagusa ile dawa."

"Kwa nini? Ni chumvi tu."

Juu ya uzio palikuwa na kitambaa kilichotumika kufutia pipa jana yake, kimekauka. Kyabu alikitupa chini, akachukua kaa la moto kwa vijiti viwili pale walipochemshia chai, akaligusisha. Kitambaa kililipuka kwa moto mweupe, kikaisha kabla Bwana Émile hajamaliza kurudi hatua mbili.

"Bwana yangu njo alikufaka vile," Kyabu alisema.

Ndipo Kisimba, aliyekuwa amesimama kando ya pipa, akavua kofia yake.

"Iko kweli, patron. Minyi nilikuwa pale. Abner hakukunywaka pombe. Alichutama karibu na mbabula ya makaa, apashe mikono, na cheche ikamurukia. Tulimumwangia maji, tulichelewa. Mukubwa wetu akasema, museme alilewaka, ao mutatoka ku kazi. Nikasema vile. Kisha nikapewa ukapita wa hapa."

Kyabu alivitupa vile vijiti, akamgeukia.

"Kisimba, miaka mbili unanisalimia kila asubuhi."

Bwana Émile aliagiza pipa lifunikwe na lirudishwe. Kisha akauliza, sauti ikiwa ya chini, "Na ndago? Mvua ikianza, lazima miche itoke."

"Unipatie hii kipwa yote, mupaka mvua," Kyabu alisema. "Jembe njo inaizalisha. Ukiikata moja, unapanda kumi. Tutaitoa na mizizi."

Kiangazi kile chote, Kyabu na wapaliliaji wenzake, Clotilde na Mwadi, walifanya kazi kwa magoti. Walilegeza udongo kwa uma wa chuma, wakafuata kila mzizi kwa vidole hadi kwenye vijiazi vyake vyeusi, wakachekecha udongo, wakavianika vijiazi juu ya mabati hadi vikakauka kabisa, ndipo wakavichoma. Kati ya mistari ya miche walitandaza majani makavu, unene wa kiganja, ili mbegu za magugu zisione jua. Kucha zilikatika. Mwadi aliumwa mgongo, akapumzika wiki nzima, akarudi.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, Kisimba, ambaye alikuwa Mkatoliki, aliingia kanisa la Wamethodisti. Wakati wa ushuhuda akasimama, akarudia mbele ya watu wote aliyoyasema kitaluni. Mama mmoja alianza kulia. Mchungaji aliinamisha kichwa.

Nje, Kisimba alimsubiri Kyabu.

"Mama, unisamehe."

"Nimekusikia," Kyabu alisema. "Kusamehe, bado. Lakini umesema mbele ya bantu. Ile nimeipokea."

Bwana Émile aliandika barua kwa wakubwa wa reli. Jibu halikuja. Ila wamwagaji dawa walianza kupewa nguo za kubadilisha, na wakakatazwa kukaribia moto kabla ya kuoga.

Mvua ilipoanza, matuta matano kati ya sita yalikuwa safi, na miche yake ikatoka kwenda kupandwa. La sita, lile la karibu na tangi, lilichipua ndago tena. Bwana Émile alisema libaki bila mbegu mwaka huo. Jumatatu iliyofuata Kyabu alichukua uma wake, akapiga magoti kwenye kona ya tuta lile, akaanza kuchimba.