Usisahau Mwavuli

1.

OFISI YA UTEUZI WA FUKWE
Kumb. Na. OUF/001
YAH: KUCHAGUA UFUKWE UNAOLINGANA NA SHUGHULI UIPENDAYO

Jumuiya yote ya shule inatangaziwa kwamba, kufuatia utafiti wa kina uliofanywa kwa jasho jingi, ufukwe hauchaguliwi ovyo.

(a) Mpira: Mkwajuni. Mchanga mgumu. Goli moja ni mnazi, la pili mtajua wenyewe.

(b) Kuogelea: Kwa Binti Saada. Maji ya kiunoni, kwa wenye viuno.

(c) Kulilia matokeo ya hesabu: Miambani. Mawimbi yatafunika sauti.

(d) Wazee, wageni na watu wa kuchovya miguu: Kitumbini. Siku ya bamvua mandhari yake hayana mfano. USISAHAU MWAVULI.

Kwa amri,
Mkurugenzi

2.

Ofisi hiyo haikuwepo.

Mkurugenzi alikuwa Mwidini Kombo, kidato cha tatu. Makao makuu yalikuwa kitanda cha juu, Bweni la Pili.

3.

Neno lenyewe.

Mtoto wa pwani hafundishwi bamvua, huikuta nyumbani kama alivyomkuta bibi yake. Ni siku ambazo bahari hutoka ikaenda mbali kabisa, kisha ikarudi kwa wingi, na kwa haraka. Na mvua haihusiani nayo hata tone. Lakini mtu wa bara husikia mkia wa neno tu:

bamvua
   mvua

Hapo ndipo Mwidini alipojichekea mpaka kitanda cha chini kikalalamika.

4.

Mbele ya ubao wa matangazo, Ijumaa, saa kumi jioni.

"Mwidini baba, wewe si wa huku huku?"

"Wa huku huku, Matroni."

"Mama yangu amekuja kutoka Tukuyu. Miaka sabini na minne, bahari hajaiona. Kuogelea hataki. Anataka achovye miguu, ajaze chupa, akawaonjeshe wenzake kama kweli ina chumvi. Hii Kitumbini inamfaa?"

Nyuma yao Chande, rafiki wa Mwidini, alikohoa kikohozi cha mtu aliyemeza kicheko.

"Inamfaa sana, Matroni."

"Na kesho ni hiyo bamvua?"

"Bamvua kabisa."

"Basi mwavuli. Watu wa huku mnaijua mvua mapema, eh. Mungu akubariki."

5.

Huyu ni Matroni Subilaga, yule yule ambaye muhula uliopita, Mwidini alipolala na malaria, alimnywesha uji kijiko kwa kijiko na kumpepea kwa daftari.

Msomaji, usimtazame Mwidini hivyo. Kutoka saa kumi jioni hadi saa tatu asubuhi, Matroni na mama yake walipoondoka, ni saa kumi na saba. Katika saa hizo kumi na saba alikula, alifua soksi, alipita mbele ya mlango wa Matroni mara nne. Na mara zote nne alikuwa na

6.

(Pembeni, kwa kalamu nyekundu: Nilikuagiza uandike maelezo ya kosa, si hadithi. Na huyu Mwidini unayemsimulia kama jirani yako ni nani? Mwl. Kapinga, Nidhamu.)

7.

Bi Mize, mkulima wa mwani, Kitumbini:

"Nikamwambia mwenzangu, tazama, fungu la mchanga limeota uyoga. Uyoga mweusi, peke yake, kule mbali. Maji yameshageuka, mkondo wa nyuma yake unajaa, na uyoga hauondoki. Kumbe mwavuli. Chini yake watu wawili wamesimama, wanangoja mvua, na jua hilo la kupasua nazi. Tukaita, hawasikii. Tukatupa kamba za mwani tukakimbia. Mzee nikambeba mgongoni. Mkondoni maji yalinifika hapa."

Hapa:


          kidevuni.

8.

Vilivyochukuliwa na maji: kandambili, mguu wa kushoto. Kitenge. Chupa ya lita moja, ikiwa imeshajazwa.

Kilichorudi: mwavuli.

9.

Bwaloni, mchana. Bibi Tusekile, mama wa Matroni, amefunikwa blanketi la mwanawe. Kikombe cha chai mkononi, anacheka.

"Msimlaumu mtu. Kwetu Tukuyu mvua inatoka juu. Huku inatoka chini. Na aliyeandika mwavuli ndiye aliyetuokoa, maana bila mwavuli wale mama wangetuonaje? Mniitie nimshike mkono."

Watu wakapiga makofi. Mwidini naye akapiga.

Akapiga.

Makofi.

Chande pekee hakupiga. Alikuwa anamtazama.

10.

(Kalamu nyekundu: Bibi anasafiri kesho asubuhi. Bado anamuulizia mkurugenzi wake. Nami bado naisubiri nafsi ya kwanza.)

11.

Mwidini alikwe

Nilikwenda.

Nilipitia kwanza Kwa Binti Saada, nikajaza chupa. Kisha nikasimama mlangoni kwa Matroni, maji yakinichuruzika suruali, nikapiga hodi. Bibi ndiye aliyefungua. Mguu mmoja alivaa kandambili, mwingine soksi ya Matroni.

"Mwanangu, umetumwa na ofisi?"

"Hakuna ofisi, Bibi."

Akaichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga. Ndani, Matroni aliacha kukunja nguo.

"Na mkurugenzi?"

"Hakuna mkurugenzi. Ni mimi niliyeandika. Matroni aliponiuliza kama panafaa, nilijua hapafai. Nilijua mpaka mlipotoka getini. Mwavuli niliuweka ili tuwacheke."

Bibi hakunipiga. Afadhali angenipiga. Matroni alikuja akasimama nyuma ya mama yake, na zile nguo kifuani, asinitazame usoni.

"Hilo neno," Bibi akasema. "Nyumbani wataniuliza. Maana yake nini hasa?"

"Bamvua, Bibi, ni siku ambayo bahari inatoka mbali kabisa, mpaka vyote vilivyokuwa chini vinabaki wazi, watu wanaviona. Halafu"

"Halafu?"