Uyoga Mbele ya Jiwe

Kila majani yanapogeuka mekundu, maabara moja ya utafiti mjini Kanazawa hufungwa asubuhi nzima, na wote, kuanzia profesa hadi mfagiaji, husimama mbele ya jiwe la kuwakumbuka panya waliokufa katika utafiti. Mwaka huo mtafiti Chizuru alisimama mstari wa nyuma, roho mkononi.

Panya wake walikuwa na saratani. Dawa kali iliupunguza uvimbe, lakini iliwamaliza na wao wenyewe. Alipowaongezea maji ya uyoga ya kuamsha kinga ya mwili, walirudi kula na manyoya yakang'aa. Alitamba na matokeo hayo maabara nzima, mpaka Okabe, mtafiti wa meza ya jirani, alipomkata maini.

"Dada Chizuru, hao wa uyoga unawabembeleza. Unawaimbia, nimekusikia. Hata mimi ningepona."

Watu walicheka. Chizuru aliumia, maana ilikuwa kweli. Profesa alikwisha kuridhika na matokeo, naye Chizuru angeweza kunyamaza tu. Lakini hakutaka ushindi wa kutiliwa shaka. Alimtupia Okabe funguo za chumba cha panya.

"Rudia wewe, mwanzo mpaka mwisho. Profesa azifiche alama za chupa, usijue ipi ina uyoga. Mimi sikanyagi humo."

"Na wakifa?"

"Wakifa, utafiti wangu basi."

Alama zilifunuliwa asubuhi hiyohiyo ya kumbukumbu, nyuma ya mlango wa profesa. Okabe alitoka humo akiwa hasomeki usoni.

Zamu yake ya kusogea mbele ilipofika, aliweka konzi ya chakula cha panya mbele ya jiwe, kama ilivyo desturi. Kisha akatoa mfukoni kipande cha uyoga mkavu, akakilaza juu yake. Aliinama muda mrefu, mpaka waliokuwa nyuma wakaanza kukohoa.

"Wa uyoga wanakula mpaka leo," alimnong'oneza Chizuru alipompita. "Na sikumwimbia hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Haya, mmoja. Lakini sikujua ni wa chupa ipi."

Chizuru alisogea mbele, fahari imemjaa kifuani. Alikuwa amekusudia kuwashukuru waliopona. Mbele ya jiwe akawakumbuka wale ambao hawakupewa uyoga, waliokufa ili tofauti ionekane. Akainama na kuanza kuimba, taratibu, wimbo uleule wa chumba cha panya.

Safari hii hakuna aliyecheka. Nyuma yake Okabe, asiye na sauti ya kuimba kabisa, akaitikia.